Marselina wa Kimamba na Chafya za Mtoto Shamimu

Mwaka ule masika yalichelewa kukoma, na nyasi za pembeni mwa mashamba ya mkonge ya Kimamba zilirefuka hata zikawafunika watoto waliokuwa wakienda shule. Vita vya pili vya dunia vilikuwa vimekwisha karibuni, na Marselina alikuwa na umri wa miaka minane. Baba yake alikuwa Mnyamwezi aliyeletwa kwa treni kutoka Tabora kuja kukata mkonge, mmoja wa wale walioitwa manamba, na familia iliishi katika kambi ya wafanyakazi karibu na reli. Nyasi zilipochanua mwezi wa tano, macho ya Marselina yalivimba, pua ikachuruzika mchana kutwa, na chafya zikamjia tano tano bila kupumzika. Wenzake darasani walimwita Mama Msiba, kwa kuwa alionekana analia kila siku ilhali hapakuwa na aliyekufa.

Sista mmoja wa misheni, aliyetibu watu katika chumba kimoja nyuma ya kanisa, alimshika kidevu, akayatazama macho yake kwa muda, akasema kuwa hayo si mafua. Alimweleza kwamba ua la nyasi lina unga laini uitwao chavua, ambao upepo huupeperusha kutoka ua moja hadi jingine, na kwamba iko miili michache isiyopatana nao. Hakumpa kidonge. Alimpa amri: nyasi zikichanua, akae ndani, afunge dirisha, na anawe uso kila arudipo kutoka nje. Marselina alitii, na baada ya siku chache akapata nafuu. Tangu hapo aliamini mambo mawili, kwamba masista hawakosei, na kwamba mlango uliofungwa ni dawa.

Alipofikisha miaka kumi na saba aliajiriwa kufagia zahanati ya shamba la mkonge. Hakukaa na ufagio muda mrefu. Alijifunza kuchemsha sindano, kupima joto, kuosha vidonda vya miiba, kupakata watoto wakati mama zao wakichunguzwa, hata akapandishwa kuwa mhudumu wa wodi. Cheo chake hakikuvuka hapo, lakini watu walimwita Nesi, naye hakuwakatalia. Aliolewa na Gabrieli, fundi wa reli, wakapata binti mmoja, Magreth. Gabrieli alipofariki alizikwa Kimamba, na Marselina akaendelea na kazi yake. Serikali ililitaifisha shamba, wakubwa wakabadilika, yeye akabaki pale pale na gauni lake jeupe, alilolifua kila jioni na kulipiga pasi ya mkaa kila alfajiri.

Kisha likaja soko huria. Shamba lilipunguza watu, halafu likaacha kabisa kukata mkonge, na nyasi zikaingia katikati ya mistari iliyokuwa imenyooka kama ya madaftari ya hesabu. Mwaka 1992 zahanati ilifungwa. Marselina alikabidhi funguo, akakunja magauni mawili, akaenda Mikumi kuishi na Magreth, aliyekuwa akiwapikia chakula madereva wa malori kando ya barabara kuu. Kila Jumatano alisaidia kupima uzito wa watoto kwenye kliniki ya parokia. Hakukuwa na mshahara, ila akina mama walimwita Nesi, na jina hilo lilimtosha.

Nyumba ya jirani ilikuwa ya Mwanakheri, mjane Msagara mzaliwa wa Kidete, aliyeishi na mwanawe Nassir na mkwewe Yusrah. Wanyamwezi na Wasagara ni watani tangu enzi za misafara ya miguu, na wanawake hawa wawili hawakupitisha siku bila kutukanana kwa furaha. Mwanakheri alimwita Marselina mpagazi. Marselina alimwita Mwanakheri mla panya. Nassir alikuwa mmoja wa vijana walioamshwa na soko huria. Zamani mahindi yalinunuliwa na ushirika, na mtu binafsi aliyekutwa na shehena alikuwa na maelezo ya kutoa polisi. Sasa kila mwenye mtaji mdogo alisimamisha malori yaliyotoka Iringa, akashusha magunia, akayangojea bei. Kwa kuwa hawakuwa na maghala, na wezi wa magunia walikuwa wengi kuliko wanunuzi, waliyalaza mahindi yao mahali palipo salama kuliko pote: chumbani, ubavuni mwa kitanda.

Mwezi wa Desemba 1993 Yusrah alijifungua mtoto wa kike, wakamwita Shamimu. Miezi mitatu ya kwanza mtoto alikuwa mzima. Kuanzia Aprili pua yake iliziba, akawa anapiga chafya, anakohoa, anaachia titi ili avute pumzi kwa mdomo, kisha analia kwa njaa. Homa hakuwa nayo. Yusrah alimleta uani, ambako Marselina alikuwa akichambua mchele.

"Shikamoo, mama Nesi."

"Marahaba, mwanangu. Huyu mke mwenzangu ana nini?"

"Chafya, mama. Ni wiki ya tatu sasa. Na macho yanamwasha, anayasugua kwa ngumi."

Marselina aliyatazama macho yale mekundu, akatazama na nyasi zilizochanua ng'ambo ya uzio, zinainama kwa upepo kutoka upande wa mbuga. Yeye mwenyewe alikuwa na kitambaa cha pua mkononi. Hakuhitaji kufikiri.

"Hii naijua tangu sijaota meno ya ukubwani," alisema. "Ni maua ya nyasi. Mfungie ndani. Ziba dirisha, mlango usikae wazi, asitoke nje mpaka nyasi zikauke."

Yusrah alishukuru, akaenda kulisokomeza dirisha la chumba chake kwa kanga kuukuu.

Ikumbukwe kwamba Marselina hakuwa ameingia chumba hicho hata siku moja. Chumba cha mume na mke hakiingiliwi na mgeni. Hata mama mkwe hubisha hodi akaishia mlangoni. Mtoto aliletwa kwake uani, juu ya mkeka, na hapo uani ndipo alipomchunguza, kama alivyozoea kuwachunguza wote.

Siku kumi zilipita. Mtoto hakupata nafuu, bali alizidi. Alikoroma akilala, na kikohozi kikavu kilimfanya atapike maziwa. Mwanakheri alikuwa amenyamaza kwa heshima ya jirani yake, lakini mwisho alisema lililokuwa moyoni.

"Hicho ni kimeo," alisema. "Kile kinyama cha kooni kimerefuka, kinamkuna. Nassir pia kilimsumbua, akakatwa, akapona. Ijumaa baada ya swala Mzee Lazaro anakuja na kisu chake."

Marselina aliposikia habari hiyo, mchele ulimponyoka. Katika miaka yake ya wodini aliwahi kupakata watoto wawili waliokatwa kimeo. Mmoja aliondoka na mama yake baada ya siku nne. Wa pili, mvulana wa miezi sita, damu haikumkoma, na alipofunikwa shuka Marselina ndiye aliyemkunjia mikono. Hakuwa amelisimulia jambo hilo kwa mtu yeyote, na siku hiyo pia hakulisimulia. Alihesabu tu siku zilizobaki. Ilikuwa Jumatatu.

Alikwenda kwa jirani yake asubuhi hiyo hiyo. Yusrah alikuwa amemtoa mtoto nje kwa dakika chache ili afagie chumba, na mtoto alikuwa amelala chali kwenye mkeka, anachezea vidole vya miguu. Upepo ulivuma kutoka kwenye nyasi. Marselina alijifunika pua asiwahi, akapiga chafya mara nne mfululizo, machozi yakamtoka. Shamimu aliacha vidole vyake akamkodolea macho, pua yake kavu.

"Haya, njooni muone!" Mwanakheri aliangua kicheko. "Mganga anapiga chafya, mgonjwa anamtazama. Mpagazi we, lala hapo kwenye mkeka mtoto akutibu!"

Marselina alianza kucheka, kisha akaacha. Aliyatazama maua ya nyasi, akamtazama mtoto. Kama ni chavua, ilikuwa imewafikia wote wawili kwa upepo ule ule.

"Yusrah," aliita. "Tangu umtoe nje amepiga chafya mara ngapi?"

"Hapa nje? Hajapiga. Akiwa nje hutulia, mama. Ndani ndiko kwenye vita."

"Mbona hukuniambia?"

Yusrah aliinamisha kichwa. "Wewe ulisema nimfungie ndani. Nilidhani ndivyo dawa inavyofanya kazi, kwamba huchochea kwanza ndipo iponye."

Marselina aliweka kitambaa chake mfukoni, akasimama, akasema anataka kukiona chumba.

"Baba Shamimu hapendi mtu aingie," Yusrah alinong'ona. "Mna mzigo wake tangu mwishoni mwa Machi."

Ilikuwa kweli kwamba jirani hakuwa na njia ya kuingia humo. Mtani, hata hivyo, alikuwa nayo. Mtani huchukua kuku wa mtani wake akamchinja mbele yake, huzuia jeneza njiani mpaka apewe kitu, na hakuna baraza linalomsikiliza anayemshitaki. Marselina alijifunga kanga kiunoni.

"Mwanakheri!" alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Leo nimekuja kuteka nyara. Ninyi Wasagara mlizoea kuwafichia wapagazi mizigo yao wakilala. Nataka kuona mmeficha nini humu."

"Ingia, mwizi mkubwa wee! Ukikuta panya usile peke yako!"

Akaingia. Mlikuwa na giza, maana dirisha lilikuwa limezibwa kwa amri yake mwenyewe, na hewa ilikuwa nzito yenye ukali uliomshika koo kabla ya hatua ya pili. Magunia tisa yalikuwa yamepangwa mpaka karibu na dari, yakigusana na mto wa kitanda. Alipopitisha kidole kwenye chandarua kilirudi cheupe. Aliunusa unga ule, akautambua: dawa ya kuulia dumuzi, ambayo wafanyabiashara walichanganya na mahindi ili wadudu wasiyatoboe yakiwa yanangojea bei. Kila Nassir alipohamisha gunia, na kila Yusrah alipofagia, unga huo pamoja na vumbi la mahindi vilipanda juu, kisha vikatua, na mtoto alikuwa chini yake, usiku na mchana, mlango umefungwa.

Alikaa kidogo ukingoni mwa kitanda. Kisha aling'oa ile kanga dirishani, akalishika gunia la kwanza kwa masikio yake mawili, akaanza kulivuta.

Ilimchukua mpaka adhuhuri. Yusrah alisukuma kwa nyuma huku akilia kwa hofu ya mumewe, na Mwanakheri, aliyecheka kwa magunia matatu ya mwanzo, aliacha kucheka kwenye la nne.

"Utani nao una mwisho, mtani."

"Mwisho wake nitauona kwenye gunia la tisa," alijibu Marselina, anahema. "Wewe mshike mjukuu, usimruhusu aingie hapa."

Nassir alirudi alasiri. Aliegemeza baiskeli ukutani, akayatazama mahindi yake yaliyopangwa barazani mbele ya macho ya kila mpita njia.

"Shikamoo, mama Nesi," alisema kwa sauti kavu. "Nani ameyatoa haya?"

"Mtani wangu," Mwanakheri aliwahi kujibu. "Huna pa kumshitaki."

"Kwenye mahindi mimi sina mtani, mama."

"Naye ana haki," alisema Marselina. "Sasa naongea bila utani, baba. Mimi nilisema mtoto afungiwe ndani. Nilidhani ana ugonjwa wangu. Sikuuliza analala wapi, sikuingia kuona. Amevuta dawa ya dumuzi siku kumi kwa maneno yangu."

"Kwa hiyo ulikosea, Nesi."

"Nilikosea."

"Na nitajuaje kuwa hukosei tena leo, na mahindi yangu yako nje, na mawingu yale pale?"

"Hutajua. Hata mimi sijui. Ndiyo maana nataka kesho tumpeleke kituo cha afya, aliyesoma amtazame. Na mpaka Ijumaa alale chumba cha bibi yake. Mzee Lazaro akifika, mtaamua ninyi wenyewe. Mtoto ni wenu. Ila msimkate kwa kosa langu."

Nassir alikwenda kuazima turubai.

Tabibu wa kituo cha afya alikuwa kijana wa umri wa kuwa mwanawe Marselina. Alisikiliza kifua cha mtoto, akamhesabia pumzi kwa saa, akatazama koo kwa tochi. Kimeo, alisema, hakikuwa na kasoro. Marselina aliposimulia habari ya maua ya nyasi, kijana alitikisa kichwa kwa upole.

"Mama, ugonjwa huo ni nadra kwa mtoto aliyezaliwa juzi. Mwili hukutana na chavua msimu wa kwanza, msimu wa pili, ndipo ukaanza kuikataa. Wewe ulikuwa na miaka mingapi?"

"Minane."

"Basi. Mtoto mchanga akiziba pua siku nyingi, kwanza fikiri mafua, halafu tazama anachokivuta: moshi, vumbi, dawa. Na akipumua haraka, au mbavu zikibonyea, au akikataa kunyonya, usifikiri chochote, mlete."

Aliwaagiza wafue chandarua na shuka zote, wampanguse mtoto pua kwa maji safi yenye chumvi kidogo, na wasimrudishe chumba kile. Marselina alisikiliza kama mwanafunzi, mikono magotini. Miaka yote ya wodini hakuna aliyepata kumwambia jambo hilo, na yeye hakupata kuuliza.

Jumatano manyunyu yalipenya turubai, gunia moja likalowa, na Nassir hakumsalimia Marselina siku nzima. Usiku wa Alhamisi Shamimu alilala bila kukoroma. Ijumaa asubuhi alipiga chafya mbili, akanyonya titi lote la kushoto bila kuliachia, akadai la kulia.

Mzee Lazaro alifika baada ya swala, mtu safi, mpole, na kisu chake kimefungwa katika kitambaa cheupe. Mwanakheri ndiye aliyemwita, na ilikuwa juu yake kusema. Alimpakata mjukuu wake, akaliweka sikio kifuani pake, akalitoa, akaliweka tena. Marselina alisimama kando ya uzio, upande wa kwake, hakuingia.

"Mzee," Mwanakheri alisema, "nimekusumbua bure. Mtoto amekutangulia kupona. Karibu chakula."

"Kimeo hakitoroki," Mzee Lazaro alijibu bila kinyongo, akinawa. "Mkiniita tena nitakuja." Alikula wali na kuku, akasifu mchuzi, akaenda zake. Hakuitwa tena katika nyumba hiyo.

Pua ya mtoto ilikauka kabisa baada ya wiki tatu. Habari ya magunia ilienea Mikumi upesi, na pamoja nayo habari ya kosa, kwa sababu Marselina mwenyewe hakuificha. Baadhi ya akina mama kwenye kliniki ya Jumatano waliacha kumwuliza ushauri, wengine wakamwita Nesi Mpagazi. Mwanakheri alidai kuwa jina hilo la pili ni mali yake na wasilitumie bila ruhusa. Nassir aliyarudisha mahindi ndani, lakini safari hii yalikaa chumba cha uani chenye kufuli, na yeye akalala huko na panga. Wafanyabiashara wenzake walimcheka mwaka mzima, na wawili kati yao, waliokuwa na watoto wachanga, walimwiga.

Marselina naye alibadilika katika jambo moja. Hakusema tena neno juu ya mtoto wa mtu kabla ya kuomba aonyeshwe anapolala. Ombi hilo liliwachukiza wengi. Waliomkatalia aliwaambia, "Basi mimi sijui. Mpelekeni kituoni," na wakati mwingine aliongozana nao.

Mwezi wa tano mwaka 1998, mvua za elnino zikiwa zimezirefusha nyasi kupita kiasi, Shamimu alikuwa msichana wa miaka minne. Macho yalimwasha, akapiga chafya tano tano kila alipotoka kucheza. Mwanakheri alimvusha uzio, akamsimamisha mbele ya jirani yake. "Haya, mtani. Umemwambukiza unyamwezi." Marselina alimwosha uso kwa maji baridi, akawashauri wampeleke kwa tabibu. Safari hii tabibu alisema ni nyasi.

Mwishoni mwa mwaka huo Marselina alirudi Kimamba, kwenye nyumba ndogo karibu na kaburi la mumewe. Alifariki mwezi wa Agosti 1999, na habari ya mwisho inayojulikana juu yake ni ya wiki moja kabla ya hapo. Alikuwa ameitwa Mvumi, wilaya hiyo hiyo ya Kilosa, na msichana aitwaye Joha, aliyewahi kufanya kazi na Magreth, kumtazama mtoto wake wa wiki sita aliyekuwa na kikohozi. Ndugu walisema ni vumbi la kiangazi. Aliomba kuona chumba, akakikuta safi, dirisha liko wazi, hakuna moshi wala gunia. Alimfunua mtoto nguo, akamtazama mbavu. Kisha alisema hajui, na kwamba waondoke wakati huo huo.

Walipata nafasi nyuma ya gari dogo la mizigo, wakafika hospitali ya Kilosa saa saba mchana. Marselina aliingia nao mpaka mezani, akamkabidhi muuguzi kadi ya mtoto, akamwambia kwamba ana wiki sita, mbavu zinabonyea, na tangu jana hanyonyi. Muuguzi alimpokea mtoto. Marselina alirudi nje, akaketi kwenye benchi.